Apdeti ya simu hukwama wapi, na romu mbadala inakuvusha hadi wapi

Mtu akiingia duka la simu Darajani au Mlandege huuliza kamera, betri na GB. Akiwa mjanja ataomba apunguziwe bei na aongezewe kava. Suali la kwamba simu hii itapata apdeti mpaka mwaka gani halimjii, mpaka siku programu ya benki inapomkatalia kwa sababu toleo lake la Android limepitwa, na simu yenyewe bado inang'aa. Hapo ndipo anapoingia kwenye mipangilio na kubonyeza pale pa kusasisha. Kiduara kinazunguka, kisha simu inamjibu bila wasiwasi kwamba iko sawa, haina cha kusasishwa. Chini yake imeandikwa tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama: miaka mitatu nyuma.

Hasira zinazofuata huwa zinamwangukia asiyehusika. Wa kwanza kulaumiwa ni muuzaji, kwamba kauza simu feki. Wa pili ni Dubai, maana simu nyingi za hapa Unguja zimepitia huko. Halafu anatokea kijana wa mtaani mwenye laptopu na waya, anasema niachie mpaka jioni nikutilie Android mpya. Na mara nyingine kweli anaitia, simu inawaka na sura mpya, mwenyewe anatoka anachekelea. Wiki moja baadaye anarudi kuuliza mbona programu ya benki sasa haifunguki kabisa.

Mambo haya mawili, apdeti inayokwama na romu mbadala, yaani Android iliyojengwa na wasio kampuni ya simu na kutiwa kwa mkono, yana chanzo kimoja. Asiyeelewa la kwanza hawezi kujua la pili litamfikisha wapi.

Tuanze na safari yenyewe. Android huandikwa na Google, na sehemu kubwa ya msimbo wake hutolewa bure kwa yeyote anayeutaka. Kila mwaka hutoka toleo jipya: la 13 lilitoka 2022, la 14 likatoka 2023, la 15 mwaka 2024, na la 16 mwezi wa Juni 2025. Wengi hudhani kwamba siku hiyo kazi imekwisha, kilichobaki ni kampuni ya simu kubonyeza kitufe. Hasha. Kilichotolewa siku hiyo hakiwezi kuwaka kwenye simu yako hata ukikipata chote bure.

Sababu ni chipu. Ndani ya simu mna chipu kuu ya Qualcomm, MediaTek, Unisoc au ya Samsung yenyewe, na Android haijui namna ya kuzungumza na kamera, na redio ya mtandao, na skrini iliyounganishwa na chipu hiyo. Inahitaji draiva, yaani programu ndogo ndogo za kati, na draiva hizi ni siri ya aliyeunda chipu. Kwa hiyo toleo jipya likitoka, wa kwanza kukaa kitako ni mwenye chipu: ama anaandika upya draiva zake zilingane na toleo hilo, ama anaamua kwamba chipu hiyo imeshauzwa vya kutosha, walionayo watosheke nayo. Akiamua la pili, wote walio chini yake wamefungiwa mlango.

Akiamua la kwanza, kazi inahamia kwa kampuni ya simu. Hii nayo ina vitu vyake juu ya Android: Samsung ina One UI, Tecno ina HiOS, Infinix ina XOS. Kamera, rangi, menyu, programu ambazo hukuziomba na huwezi kuzitoa, vyote hivyo vinatakiwa vihamishiwe kwenye toleo jipya na vijaribiwe. Kisha simu inapitishwa kwenye mtihani wa Google, kwa sababu kampuni haiwezi kuuza simu yenye Play Store bila kuonesha kwamba imefuata masharti. Huko Marekani kuna kituo kingine tena, makampuni ya mtandao yanayouza simu kwa mkataba, nayo yanataka kuipima apdeti kabla haijapita. Sisi hatuna tabu hiyo, simu zetu tunanunua taslimu na laini tunatia tunayoitaka. Mwisho apdeti hutolewa kwa mafungu, nchi moja baada ya nchi, ili ikionekana ina kasoro isimamishwe kabla haijaharibu mamilioni.

Katika kila kituo kuna mtu anayejiuliza: mimi nalipwa na nani? Simu imeuzwa mara moja. Apdeti ya mwaka wa tatu haimletei mtengenezaji hata shilingi, na kwa simu ya bei nafuu faida ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Kampuni inayotoa aina kumi na kitu za simu za bei nafuu kwa mwaka haiwezi kuweka wahandisi wa kushughulikia kila moja kwa miaka mitano, au niseme haitaki, kwa sababu mteja mwenye simu iliyozeeka ndiye mteja wa simu mpya. Sidhani kama kuna njama hapo. Ni hesabu ya biashara tu, na katika hesabu hiyo sisi tunaonunua simu za bei ya chini ndio tunaokaa mwisho wa foleni.

Kisa kinachoonesha hili vizuri kuliko vyote nivijuavyo ni cha Xperia Z3 ya Sony. Simu hiyo ilitoka 2014. Katikati ya 2016, Google ilipokuwa bado inaijaribu Android 7, Sony iliichagua Z3 iwe simu yake ya majaribio. Watu waliitia na ikawaka. Kisha Sony ikatangaza kwamba toleo kamili la Android 7 halitafika kwenye Z3. Wateja walipandwa na jazba, na walikuwa na haki: vipi simu iliyofanya kazi kwenye majaribio ishindwe kwenye toleo lenyewe? Jibu lilikuwa ndani ya chipu. Z3 ilitumia Snapdragon 801, na Qualcomm haikuiandalia chipu hiyo draiva za kuivusha kwenye Android 7. Bila draiva hizo mtihani wa Google haupiti, na bila mtihani hakuna apdeti rasmi. Si Sony peke yake. Galaxy S5 yenye chipu hiyo hiyo nayo iliishia Android 6 kwa upande wa Samsung.

Lakini nenda ukatazame upande wa pili. Watu wa kujitolea, wasiolipwa na Sony wala Samsung, waliichukua Galaxy S5 hiyo yenye Snapdragon na kuipeleka mpaka Android 11 kupitia LineageOS, romu mbadala nitakayoieleza mbele. Matoleo matano mbele ya pale mwenyewe alipoishia. Waliwezaje? Kwa sababu wao hawafanyi mtihani. Wanachukua draiva za zamani zilizomo kwenye programu rasmi ya simu, wanaandika vipande vya kuziunganisha na Android mpya, na kitu kikikataa kufanya kazi wanakiandika kwenye orodha ya kasoro na kuendelea. Kampuni haiwezi kuuza simu namna hiyo. Mtu aliyeitia kwa ridhaa yake anaweza kuishi nayo.

Dubai, kisha nchi iliyoandikwa ndani ya simu

Kabla ya kuingia kwenye romu, tumalize la Dubai, maana lina ukweli kidogo na uzushi mwingi. Simu ya Samsung ina msimbo wa nchi ndani yake. Iliyotengenezwa kwa soko la Falme za Kiarabu huandikwa XSG. Apdeti yake hufuata ratiba ya huko, hata kama imelala mfukoni mwa mtu wa Chake Chake. Kwa hiyo jirani yako mwenye simu aina ile ile iliyoletwa kwa soko jingine anaweza kupata apdeti wiki kadhaa kabla yako au baada yako. Ni kuchelewa, si kukosa. Simu ya Dubai si feki kwa sababu ni ya Dubai.

Kinachouma kweli ni simu za mtumba zilizotoka kwenye makampuni ya mtandao ya Marekani. Zinakuja safi, bei nzuri, na zinafanya kazi na laini zetu. Ila Samsung za Marekani zenye namba ya modeli inayoishia na herufi U zimefungwa butiloda, ile programu ya kwanza kabisa kuamka simu inapowashwa, na mwenye simu hapewi njia ya kuifungua. Apdeti rasmi ikikatika kwenye simu kama hiyo, hakuna romu mbadala itakayoingia. Muuzaji hatakwambia, na pengine hajui.

Kuna kuchanganya mambo pia katika neno apdeti lenyewe, na watu hugombana bure kwa ajili yake. Toleo jipya la Android ni jambo moja. Kiraka cha usalama cha kila mwezi ni jambo jingine, na ndicho cha maana zaidi. Viraka hivi vya kila mwezi vilianza Agosti 2015, baada ya kugunduliwa kasoro iliyopewa jina la Stagefright: ujumbe mmoja wa picha au video ungeweza kumpa mtu njia ya kuingia kwenye simu yako, na walioigundua walikisia kwamba simu milioni 950 zilikuwa wazi kwa shambulio hilo. Google ilishtuka, ikaanza kutoa viraka kila mwezi. Kuvitoa ni kitu kimoja, kuvifikisha ni kitu kingine.

Halafu kuna aina ya tatu ambayo hata simu kuukuu huipata: programu zinazosasishwa kupitia Play Store. Kivinjari, WhatsApp, huduma za Google. Hii ndiyo inayofanya simu ya Android 9 iendelee kutumika bila mwenyewe kuhisi chochote. Mpaka siku hiyo nayo inafika: WhatsApp iliacha kuzihudumia simu zilizo chini ya Android 5 mnamo Oktoba 2023, na Chrome ikaiacha Android 7 mwaka huo huo. Mtu haoni kwamba simu yake ilikufa kiusalama miaka mitatu nyuma. Anaona tu kwamba leo WhatsApp imegoma.

Google wamejaribu kurekebisha. Mwaka 2011 walitangaza makubaliano na makampuni kwamba kila simu mpya ipate apdeti kwa miezi 18, na makubaliano hayo yakayeyuka kimya kimya. Jaribio lililofanikiwa kidogo lilikuja na Android 8 mwaka 2017, likiitwa Project Treble. Lilitenganisha draiva za mwenye chipu na Android yenyewe, ili ya juu iweze kubadilishwa bila ya kugusa ya chini. Mwaka 2019 Android 10 ikaongeza njia ya kusasisha baadhi ya sehemu za ndani moja kwa moja kutoka Play Store. Na mashindano ya soko nayo yakafanya kazi yake: Pixel 8, simu ya Google yenyewe ya Oktoba 2023, iliahidiwa miaka saba, Galaxy S24 ya 2024 miaka saba pia. Hizo ni simu za wenye nazo. Lililonishangaza mimi ni Galaxy A16, simu ya bei ya kawaida iliyotoka mwishoni mwa 2024 na ahadi ya miaka sita. Ukiiweka kaunta moja na simu ya bei ile ile yenye kamera inayosifiwa zaidi na ahadi ya mwaka mmoja au isiyo na ahadi yoyote, watu tisa kati ya kumi watachukua ya kamera.

Romu mbadala

Romu mbadala ni Android iliyojengwa upya na watu wasio kampuni iliyotengeneza simu. Mwenye historia ndefu ni Steve Kondik, Mmarekani aliyeanza 2009 kwenye HTC Dream, simu ya kwanza ya Android kuuzwa. Romu yake, CyanogenMod, ilipendwa mno. Septemba mwaka huo huo Google ilimwandikia barua ya kisheria: Android ni huru, lakini Play Store, Gmail na Ramani si huru, na yeye alikuwa akizigawa pamoja na romu. Suluhisho lililopatikana ndilo linalotumika mpaka leo. Romu hutolewa bila programu za Google, na mwenye simu anazitia mwenyewe kwa faili la pembeni. Ndiyo maana mtu akitia romu bila ya faili hilo hushangaa simu imewaka bila Play Store, akadhani imeharibika. CyanogenMod ikageuzwa kampuni 2013, kampuni ikavurugika, na mradi ukafungwa Desemba 2016. Waliobaki wakauendeleza kwa jina la LineageOS, na hiyo ndiyo romu ninayoiamini kuliko nyingine, kwa sababu kila kilichobadilishwa kinaonekana na simu isiyofanya kazi ipasavyo haiingizwi kwenye orodha rasmi.

Sasa hebu tusogee kwenye meza ya fundi. Kuna duka moja dogo nyuma ya Darajani, meza yenye kioo kilichopasuka, bisibisi, na pasi ya kuchomea. Kijana alikuja na Galaxy S5 na faili alilolipakua kwa bando la usiku, gigabaiti moja hivi. Fundi hakulitazama faili kwanza. Aliigeuza simu, akachomeka ukucha kwenye kona, akaling'oa kava la nyuma, akatoa betri, akasogeza taa. Chini ya betri pana kibandiko: SM-G900H.

"Sheikh, faili lako hili la F. Simu yako H."

"Si S5 hii hii?"

"S5 ndiyo. Lakini roho zao mbali mbali."

Ndivyo ilivyo. Samsung ilitoa S5 zenye sura moja na chipu tofauti. G900F ina Snapdragon, G900H ina chipu ya Exynos ya Samsung yenyewe, na hii ya pili iliuzwa sana Mashariki ya Kati na Afrika. Ile sifa ya kufika Android 11 niliyoitaja ni ya Snapdragon. Faili la F ukilitia kwenye H, kwa bahati njema programu ya kutilia hukagua jina la kifaa na kukataa kwa ujumbe wa kosa namba 7. Kwa bahati mbaya mtandaoni wamejaa watu wanaofundisha namna ya kuufuta mstari huo wa ukaguzi ili faili liingie kwa nguvu. Ukifanya hivyo simu inaishia kwenye logo, inajizima, inawaka, inaishia tena kwenye logo.

Faili likiwa sahihi, kazi yenyewe si ya muda mrefu. Kwanza butiloda ifunguliwe, kwa simu zinazohitaji. Xiaomi kwa miaka mingi wamemtaka mtu asubiri saa 168, yaani wiki nzima, tangu anapoomba. Huawei waliacha kutoa misimbo ya kufungulia mwaka 2018, basi. Kufungua butiloda kunafuta kila kitu kilichomo kwenye simu, na si kasoro: imewekwa hivyo kusudi ili mwizi asiweze kuifungua na kusoma vyako. Picha za harusi, sauti za marehemu bibi kwenye WhatsApp, namba za watu, vyote viwe vimeshahifadhiwa pengine kabla ya hapo. Kwenye Samsung hiyo ya zamani unashika kitufe cha kupunguza sauti, cha nyumbani na cha kuwashia kwa pamoja, unapata skrini ya onyo, unathibitisha kwa kitufe cha kuongeza sauti. Unaichomeka kwenye laptopu, unafungua programu iitwayo Odin, unatia TWRP, ambayo ni mazingira ya kutilia romu. Odin ikiandika PASS kwa kijani, umevuka. Kutoka hapo unafuta ya zamani, unatia romu, unatia faili la Google, unawasha. Kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua dakika kadhaa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema na kung'oa betri.

Laptopu iwe na chaji yake mwenyewe. Umeme ukizimika kwenye nusu ya kazi na kompyuta ni ya mezani, umejitafutia balaa ambalo halikuwa na haja.

Unachopoteza

Simu imewaka na Android mpya, kiraka cha usalama ni cha mwezi huu. Hapo mtu hudhani amemaliza. Lakini draiva ni zile zile za kiwandani, za mwaka ule kampuni ilipoiacha simu, na kasoro zilizomo ndani yake hakuna wa kuziziba, kwa kuwa msimbo wake hauonekani. Ni nyumba ya Mji Mkongwe iliyopakwa chokaa mpya na kutiwa milango mipya, boriti za dari zikiwa zile zile za mikoko zilizoliwa. LineageOS hawalifichi hili: kwenye mipangilio yao tarehe ya viraka vya Android na tarehe ya viraka vya mwenye chipu huandikwa mbali mbali, na mtu akizisoma zote mbili anaelewa alipo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, nusu ya viraka ni bora kuliko kukosa vyote, hasa kwa simu inayoshinda kwenye intaneti.

Butiloda iliyofunguliwa inaleta hasara nyingine. Google ina utaratibu wa kuithibitishia programu yoyote kwamba simu haijachezewa, na programu za benki huutumia sana. Simu yenye romu mbadala mara nyingi hushindwa uthibitisho huo, na benki inajifunga. Wapo wanaotumia programu iitwayo Magisk na mbinu za kuficha, zinafanya kazi kwa muda, kisha Google inaziba, kisha wanatafuta nyingine. Ni mchezo wa paka na panya na mimi sioni raha ya kuucheza na mshahara wangu. Netflix nayo hushusha ubora wa picha. Samsung zenye Knox, mfumo wa ulinzi wa Samsung wenyewe, zina fyuzi ndogo ndani ya chipu inayoungua mara moja tu unapotia programu isiyo ya Samsung, na hata ukirudisha ya kiwandani fyuzi haiungiki tena, kwa hiyo huduma kama Folda Salama hazirudi.

Hapa Zanzibar pigo hilo la benki linapungua makali, kwa sababu pesa zetu nyingi hazipiti kwenye programu hata kidogo. Ukipiga *150*00# ya M-Pesa, menyu inayokuja ni ya mtandao wa simu, haijui wala haiulizi simu ina romu gani. Kwa mwenye duka Wete anayelipia bidhaa kwa USSD kila siku, romu mbadala haimgusi kitu. Kwa mfanyakazi anayeangalia akaunti yake kwenye programu ya benki, inamgusa sana. Romu moja, watu wawili, majibu tofauti.

Kupiga simu kwa njia ya 4G huwa hakufanyi kazi kwenye romu nyingi za Samsung, kwa kuwa sehemu hiyo Samsung imeifungia. Simu inarudi kwenye mitandao ya zamani inapopigwa, na kwa sasa hilo linavumilika. Kamera nayo hushuka, picha za usiku hasa.

Kisha kuna IMEI, na hapa nataka nikae kidogo. Namba hii ya kifaa haimo ndani ya romu, imo kwenye sehemu yake peke yake, na kutia romu kwa njia sahihi hakuigusi. Inapotea pale mtu anapotumia programu za kuflashia simu za MediaTek na kuchagua kufuta kila kitu bila kusoma. Anafuta pia sehemu yenye IMEI. Simu inawaka vizuri, Wi-Fi inakamata, lakini laini haipandi, na ukipiga *#06# unaoneshwa sifuri tupu au kwamba namba si halali. Tanzania jambo hili si dogo. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizizima simu zenye IMEI bandia kuanzia usiku wa Juni 16, 2016, na mawasiliano ni mambo ya Muungano, kwa hiyo rungu hilo lilifika Unguja na Pemba kama lilivyofika bara. Fundi anayekwambia atakuandikia namba nyingine tu anakuingiza kwenye kosa la jinai. Inayorudishwa iwe ile ile iliyoandikwa kwenye boksi. Na boksi, kwa simu za mtumba, huwa halipo.

Linabaki la Tecno, Infinix na itel, simu zilizojaa mikononi mwa watu wetu. Nyingi zina chipu za MediaTek au Unisoc. Kerneli ya Android, yaani kiini chake, ni Linux, na leseni yake inamtaka anayeisambaza autoe msimbo alioubadilisha. Kwa simu za bei nafuu msimbo huo mara nyingi hautolewi, au hutolewa pungufu usioweza kujengeka. Bila kerneli, mtu wa kujitolea hana pa kuanzia, na ndiyo maana orodha ya LineageOS imejaa Samsung, Xiaomi, Motorola na Pixel. Treble imefungua mlango wa uani: simu iliyotoka na Android 8 au ya baadaye inaweza kutiwa Android ya jumla, ile isiyojengwa kwa ajili ya simu moja. Inawaka. Alama ya kidole inaweza kugoma, kamera ya pili isionekane, bluetuthi ikapiga kelele. Kwa simu ya kujifunzia ni sawa. Simu ya kazi ya mama nisingeitia.

Na upepo wa sasa unavuma kinyume na wanaotia romu. Juni 2025 Google ilipotoa msimbo wa Android 16, haikuambatanisha vile vipande vya Pixel ambavyo wajenzi wa romu walizoea kuvipata bure kila mwaka, wakalazimika kuvitengeneza wenyewe. Mwezi huo huo, tarehe 20, Umoja wa Ulaya ulianza kuzitaka kampuni zitoe apdeti kwa angalau miaka mitano tangu simu ya mwisho ya aina hiyo ilipoingizwa sokoni. Sheria hiyo haifiki Darajani, lakini kampuni ikishaandika apdeti kwa ajili ya Wajerumani inakuwa haina sababu kubwa ya kuwanyima wengine, na simu nyingi za soko la dunia zina programu moja zikitofautiana msimbo wa nchi tu. Samsung nao, walipoleta One UI 8, waliondoa njia ya kufungua butiloda hata kwenye simu zao za nje ya Marekani. Mwenye Galaxy S25 aliyeisubiri apdeti hiyo kwa hamu anaipokea, anaingia kwenye mipangilio ya wasanidi, na kile kitufe cha kuruhusu butiloda ifunguliwe hakipo tena.